Kwa Nini Ng'ombe wa Nyika Hakamwi Kabla ya Kuletewa Ndama

Zamani ng'ombe hakuwa bahili kama mnavyomwona leo. Aliyechuchumaa chini yake na kibuyu alipata maziwa, awe mwenye zizi, jirani au mpita njia, na ndama alikuja baadaye kumalizia yaliyosalia. Leo hebu mguse kiwele ng'ombe wa nyika kabla hujamletea mwanawe. Ukibahatika atakunyima tu. Usipobahatika, utakiokota kibuyu mbali. Tabia hiyo haikuanguka na mvua. Ilianza na ng'ombe mmoja, wa mwanamke aliyetamani kwenda kwao.

Mwanamke huyo aliitwa Mkawasi. Alizaliwa mlimani, kule ambako ukungu hauinuki mpaka jua liwe la utosi, akaolewa chini nyikani na Mwadime. Baba yake alimpa ng'ombe wa kushuka naye, jike jeusi lenye manyoya marefu na baka jeupe kwenye paji la uso, nao walimwita Ukungu. Desturi ya siku hizo ilikuwa ngumu. Binti wa mlimani akiolewa nyikani, hakukanyaga tena kwao mpaka ng'ombe aliyeondoka naye azae ndama jike, na ndama huyo apelekwe juu aachiwe mama mzazi, awe badala ya binti aliyechukuliwa. Hapo njia ilifunguka, akapanda na kushuka apendavyo. Mkawasi aliondoka akicheka. Alimwambia mama yake kwamba mwaka hautaisha kabla hawajaonana.

Lakini jua la nyika halikumjua Ukungu. Saa nne asubuhi alikuwa amekwisha kuacha majani, amesimama kwenye kivuli chembamba cha mgunga, ulimi nje, mbavu zikienda mbio. Maziwa yaliyokuwa yakijaza vibuyu viwili yakawa hayafiki nusu ya kimoja. Ndama aliyekuja naye tumboni alizaliwa jike, mwenye manyoya marefu na baka la mama yake, mzuri wa kutazamwa. Alikufa kwa joto kabla hajaota pembe.

Mkawasi hakukata tamaa. Alimswaga Ukungu hadi jiwe la mpaka, chini kabisa ya mlima, ambako kaka yake Mghanga aliteremsha fahali wa kwao. Alitaka mama yake apokee ng'ombe halisi wa nyumbani. Ndama wa pili naye akazaliwa jike, mwenye manyoya yale yale. Mkawasi alimwagia maji, akamjengea kibanda cha majani, akampepea mwenyewe kwa upande wa kanga mpaka mikono ikafa ganzi. Alimzika msimu wa kiangazi. Siku hiyo Mghanga alituma salamu kwamba macho ya mama yanazidi kufifia, na kila asubuhi anauliza kama kuna mtu njiani.

Mama mkwe wake alikuwa ameyatazama yote hayo. Mwishowe alimketisha.

"Mwanangu, unataka ndama wa kupendeza au ndama wa kuishi?"

"Wa kuishi, mama."

"Basi mwache Ukungu apandwe na fahali wetu. Najua unamwona kichekesho."

Ni kweli alimwona kichekesho. Fahali wa nyika alikuwa mfupi, ana nundu kama mtu aliyebeba mzigo akasahau kuutua, na ngozi ya shingo ikining'inia hadi magotini. Lakini manyoya yake yalikuwa mafupi, yamelala, yanang'aa, na saa saba mchana yeye alikuwa bado anakula. Mkawasi alilia kidogo, kisha akakubali.

Ndama aliyezaliwa alikuwa jike tena, naye alichukua huku na huku. Nundu ilikuwa ya baba, ndogo, na ngozi laini ya baba, na shingo yenye mikunjo. Ila pajini palikuwa na lile baka jeupe. Kiangazi kilipokuja, ndama alilala juani akicheua. Mkawasi alikuwa akienda kumshika mbavu, aone kama anahema sana, akamkuta anapumua taratibu. Alimpenda ndama yule kupita kiasi. Ndama alipoweza kutembea kutwa, ingawa bado ananyonya, Mkawasi alimfunga kamba akaanza kupanda. Ukungu alibaki zizini, kwa kuwa alikuwa ndiye maziwa ya nyumba nzima. Aliwafuata kwa sauti mpaka walipopotea nyuma ya kichaka.

Mama yake alikuwa mlangoni. Hakuona vizuri, lakini alizijua nyayo. Walikumbatiana kwa muda mrefu, kila mmoja akimshika mwenzake mabega kuhakikisha ni yeye. Kisha mama akampapasa ndama: nundu, shingo, ngozi isiyo na manyoya ya kushika. Vidole vilipofika pajini, alicheka.

"Huyu ni wetu," alisema. "Na si wetu."

Ukungu ulitanda siku tatu. Ndama alisimama kando ya moto akitetemeka, akakataa majani, siku ya tatu akaanza kukohoa. Mkawasi alijua maana yake, maana alikuwa amezika wawili. Akimwacha, njia itafunguka, na ndama atakufa. Akiondoka naye, njia itafungwa kama zamani, na mama huyu hana miaka mingi.

"Mama, nifanyeje?"

Mama alinyoosha mkono kumgusa, akaukuta mkono wa bintiye nao umejaa vipele vya baridi. Akavua ngozi ya mbuzi aliyojitanda, akamfunika.

"Na wewe umekuwa wa kule," alisema polepole. "Mrudishe, mwanangu. Kunifungulia njia kwa kifo cha mtoto wa Ukungu, mwenzio, sitaki."

Mkawasi alishuka na ndama. Aligeuka mara nyingi, na kila alipogeuka mama alikuwa angali mlangoni, akitazama upande ambao siwo.

Zizini alimkuta Mwadime amekaa chini, kibuyu kitupu, goti limevimba. Tangu ndama aondoke, Ukungu hakutoa hata tone. Waliimba, wakampapasa, wakamfunga miguu, akawatazama tu. Ndama alikata kamba akamkimbilia, akakigonga kiwele kwa kichwa, na maziwa yakashuka yenyewe mpaka yakadondoka chini.

"Wewe umempata wako," Mkawasi alimwambia, akachuchumaa kukama huku akilia.

Ukungu alizaa tena mara tatu, madume matupu. Mkawasi hakupanda mlima tena. Lakini yule ndama alikua, akazaa, na uzao wake ukaijaza nyika, wenye nundu, wenye ngozi laini, wasioogopa jua.

Na tangu siku hiyo, ng'ombe wa nyika hamshushii mtu maziwa mpaka mwanawe aletwe, amnuse, amnyonyeshe kwanza. Wanawake wa huku hawamharakishi. Husubiri pembeni na vibuyu vyao, na yule aliyeolewa kutoka mbali huachiwa akame wa mwisho, apate muda mrefu kidogo wa kutazama mlimani.