Komeo la Hudhaili

Inasimuliwa, na aliyesimulia ni mkweli kuliko wote wanaobisha, kwamba katika mji mmoja wa Sham, zamani, palikuwa na mja mwema jina lake Dhakwani bin Musafiri, mshona matandiko ya ngamia. Watu walimwita Baba wa Subira. Aliyegombana na mkwewe alipelekwa kwake, aliyeumwa jino alipelekwa kwake, akaambiwa neno la subira akarudi na jino lake. Lakini ya vifuani anayajua Mwenyezi Mungu, naye alijua kwamba subira ya Dhakwani ilikuwa ya barazani tu. Bi Rumaitha, mkewe, alijua pia, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akiokota viatu vilivyotupwa ukutani.

Katika mji huo alikuwako mtu asiye na pa kulala, jina lake Hudhaili. Zamani alikuwa mchonga milango, mwenye nyumba yake nzuri. Mkewe alipofariki, huzuni ikamzidi, akawa anazungumza na mtungi ambao marehemu alikuwa akichotea maji. Nduguze wakasema nyumba nzuri haimfai mtu asiye na akili timamu. Wakamtoa, wakaingia wao. Hapo hata ile akili iliyobaki ikakosa pa kutua. Maana akili, waungwana, ni kama kuku: jua likizama hutaka banda. Akawa analala kwenye baraza za watu. Leo mbwa, kesho askari wa zamu, kesho kutwa wezi wamemvua kilemba usingizini. Mwisho akaacha kulala kabisa, na kila baada ya magharibi akawa anapita mlango kwa mlango, anagonga na kuuliza, "Mmefunga? Fungeni." Akijibiwa kwamba pamefungwa, hushukuru na kwenda wa pili. Akiumaliza mtaa, huanza upya.

Watu wa mji ule walikuwa wacha Mungu, wasisingiziwe. Hawakumwacha hivi hivi. Walimsomea. Walimwandikia kombe, yaani aya kwa zafarani juu ya sahani, wakaliosha kwa maji, wakamnywesha, na kila mmoja alitaka lake ndilo limponye, hata jasho lake likawa la manjano na nzi wakawa wanampisha. Wakamvika hirizi shingoni mpaka akawa anatembea analia kama mbuzi wa kengele. Kila kitu alipewa Hudhaili, isipokuwa mlango. Walipochoka wakasema mtu huyu hataki kupona.

Wakampeleka kwa kadhi, Sheikh Mundhiri, mzee mkavu ambaye hata siku ya Idi hakutabasamu. Wakashtaki kwamba watoto wao hawalali. Kadhi akahukumu kwamba Hudhaili atolewe nje ya lango la mji, huko nyikani kwenye fisi, ila akipatikana wa kumdhamini; na mdhamini aje mwezi ukiandama, aape kwamba mtu wake amepona. Akishindwa kuapa, ni lango.

Kisha nyuso, moja baada ya moja, zikamgeukia Baba wa Subira. Dhakwani akatazama dari. Dari haikumsaidia.

"Namchukua mimi," akasema, kwa kuona haya zaidi kuliko kwa kutaka thawabu. Na malaika huandika yote mawili.

Wapo wanaokisimulia kisa hiki wakaishia hapa, wakasema akamtunza kwa mapenzi mpaka akapona. Hao hawajawahi kuishi na mgeni wa namna hiyo. Jambo la kwanza Hudhaili aliloomba ni kipande cha mti, akachonga komeo, akalipachika kwa ndani kwenye mlango mkubwa. La pili ni kuuliza kama limefungwa. Aliuliza Dhakwani akila, aliuliza akitawadha, na siku moja aliinama mpaka chini, Dhakwani yuko katika sijida, akamnong'oneza sikioni, "Umefunga?" Mtungi wa maji akaufanya mke, akawa anausimulia habari za sokoni asubuhi hadi adhuhuri, na mwenye kiu alingoja wamalize.

"Mwanamke, mtu huyu atanitoa katika dini," Dhakwani akamlalamikia mkewe.

"Watu wote huja kwako kutafuta subira, bwana," akajibu Bi Rumaitha. "Hebu itafute na wewe. Huenda imo humu humu ndani."

Ikatokea Bi Rumaitha akaenda kwa dada yake aliyejifungua. Alfajiri Dhakwani akatoka kwenda kuswali, na kwa kuwa msikiti ulikuwa hatua chache tu, alijifunga shuka la kulalia, bila kilemba wala viatu. Huku nyuma Hudhaili akafunga komeo. Akajilaza nyuma ya mlango, na kwa mara ya kwanza tangu nduguze wamtoe, akalala fofofo.

Dhakwani akarudi, akagonga. Kutoka ndani akasikia mtu anakoroma. Akagonga kwa ngumi, kisha kwa jiwe. Mkoromo ukapanda kidogo, ukashuka. Akakaa kizingitini pake mwenyewe, jua likatoka, likampata kichwani. Kwanza alisema kimoyomoyo. Kisha midomo ikaanza kucheza. Mwisho akawa anauambia mlango kwa sauti: wema aliowafanyia watu, nyumba aliyoijenga kwa jasho lake, na leo hii kafungiwa nje na mtu anayezungumza na mtungi.

Muuza maziwa akapita, akamwona mzee mzima, kichwa wazi, peku, anagombana na mbao. Akatoa salamu kwa mbali, akaongeza mwendo. Haukupita muda mtaa ukajaa. Mtu akasema, mwendawazimu mmoja kaingia, mwingine katoka. Mwingine akasema ameambukizwa, kwani alikula naye sahani moja. Jirani yake Ubaidi, mtu mwema kabisa, akaja mbio na sahani ya kombe.

"Kunywa, baba. Hii nimekuandikia Ayatul Kursi."

"Ubaidi, mimi ni mzima. Nimefungiwa nje, basi."

Ubaidi akawageukia watu, akatikisa kichwa. "Ndivyo wasemavyo wote," akasema, na wawili wakamshika mikono, akanyweshwa.

Adhuhuri komeo likavutwa. Hudhaili akasimama mlangoni, macho meupe kama ya mtoto aliyeshiba. "Nimelala," akasema, kama mtu anayetoa habari ya ajabu. Dhakwani alikuwa amemwandalia maneno tangu jua lilipochomoza, na yalikuwa maneno makali. Akamtazama yale macho, akayameza maneno yake juu ya zafarani.

Toka siku hiyo Hudhaili akawa analala kila usiku, na milango ya watu hakuigonga tena. Mtungi hakuuacha. Wala lile swali.

Mwezi ukakaribia kuandama. Majirani wakamshauri Dhakwani aape tu kwamba mtu wake amepona, nani ataingia ndani kwake kutazama? Akamuuliza mkewe. Bi Rumaitha akasema, "Ukiapa uongo, atabaki. Ukisema kweli, huenda akaliwa na fisi. Sina la kukwambia, bwana." Naye hakuwa mtu wa kukosa la kusema.

Siku ikafika, Dhakwani akaenda na Hudhaili kwa kadhi. Kadhi akamwekea msahafu mbele.

"Amepona?"

Dhakwani akauweka mkono, akauondoa. "Hakupona, ya Sheikh. Asubuhi hii ameusimulia mtungi bei ya vitunguu."

Watu wakaguna. Hudhaili akaanza kukusanya nguo zake.

"Basi hukumu unaijua," akasema kadhi.

"Naijua. Lakini alisemea ndani." Sauti ikampanda, subira ya barazani ikamwishia mbele ya watu. "Mimi nimekaa nje asubuhi moja tu, mkanitangaza mwendawazimu na kuninywesha kombe! Huyu mmemweka nje miaka, kisha mnashangaa. Nani hapa hana analolisema peke yake akishafunga mlango? Asimame, amtoe huyu langoni kwa mkono wake."

Hakusimama mtu. Ubaidi alitazama vidole vya miguu yake. Na kadhi, ambaye jioni zote hukaa na joho la marehemu mwanawe mapajani akalisomesha fiqhi, jambo ambalo hakuna kiumbe aliyelijua, akaufunika msahafu taratibu.

"Mrudisheni ndani," akasema. Kisha, kwa sauti ndogo, "Na komeo lake lisiondolewe."

Basi tufahamu, enyi ndugu, kwamba Mola wetu ni Mwingi wa kusitiri, na sitara yake kwa wengi wetu ni kuta nne tu na kipande cha mti mlangoni. Tumnyang'anyapo mtu sitara hiyo, tusiseme tumeuona wazimu wake. Tumeona tu kile ambacho sisi tumefichiwa. Dhakwani akaishi na Hudhaili mpaka uzeeni. Wanasema hata alipokuwa anakata roho, na watu wamemzunguka wakimlakinia shahada aitamke, kichwa kiliinama sikioni kwake kikamuuliza. Dhakwani akafumbua jicho moja, akapumua kwa kuchoka.

"Nimefunga, ndugu yangu," akasema. "Lala."