Kaburi la Babu Kisiwani kwa Pimbi

Paukwa!

Pakawa.

Palikuwa na nini?

Jiwe ziwani.

La nani?

Ngojeni, msianze kugombana kabla yangu.

Jiwe lenyewe lilikuwa dogo. Ungelizunguka lote na ugali haujaiva. Mashariki kwake ni kwa Kiboko, magharibi kwake ni kwa Nyati. Miaka na miaka hakuna aliyelitaka ila ukoo wa Pimbi, walioletwa na gogo la mafuriko, wakajikalia nyufani. Siku hizo alikuwapo Mama Pimbi na wanawe wanne. Halafu jiwe likaota nyasi. Lilipoota nyasi, likaota na wenyewe.

Akaja Kiboko, tubwi! Akasema kisiwa ni chake, babu yake amezikwa pale, akaonyesha kilima cheusi kilichokuwa juu ya jiwe. Akaja Nyati, chubwi! Akasema kisiwa ni chake, babu yake amezikwa pale pale. Wakabishana mpaka jua likawa la utosi. Walipatana jambo moja tu, kwamba kesho Pimbi ahame. Na Pimbi hajui kuogelea, sembuse wanawe. Akaogopa sana. Kisha akakitazama kile kilima, akameza kicheko.

"Poleni na msiba, wazee wangu," akasema. "Mlimkalia matanga lini?"

Wakatazamana. Hakuna aliyemkalia.

"Basi babu ni wa yule atakayemkalia. Siku saba. Na mfiwa, mnajua wenyewe, haogi, hali, hanywi."

Kiboko hakutaka Nyati ashinde, Nyati hakutaka Kiboko ashinde. Wakaketi.

Siku ya kwanza wakalia, huuu, huuu. Siku ya pili wakalia kidogo. Siku ya tatu hawakulia, walitazama maji. Ngozi ya Kiboko ikaanza kupasuka kwa jua. Akainuka, akasema amekumbuka sasa, babu yake alifia mtoni. Tubwi!

Nyati akacheka peke yake. Pimbi akampongeza, akamwambia siku zilizobaki amesamehewa, limebaki dogo tu: mfiwa wa kweli hujipaka usoni udongo wa kaburi. Nyati akazamisha pua kilimani. Akanusa. Akanusa tena. Akageuka, akawaona watoto wanne wa Pimbi wamejipanga, wamebana miguu, siku ya tatu hiyo wanangoja zamu.

"Mama Pimbi," akauliza polepole, "hiki ni nini?"

"Ndicho kilichootesha nyasi, mzee. Kaburi umelitaja wewe."

Chubwi! Na hata leo ukimwuliza Nyati habari za kisiwa, atakuuliza kisiwa gani.

Hadithi yangu imefika ukingoni. Kama ni tamu, gawaneni. Kama inanuka, mrudishieni Pimbi. Na funzo lake, wanangu, ni hili: yaheshimuni makaburi ya mababu, wala msichunguze sana ndani kuna nini.