Tamaa ya Shaweji Ndani ya Kijaluba

Alikuwako, na wakongwe wote wanathibitisha, sultani mmoja jina lake Rukunudini bin Ghalibu, akitawala mji wa Tarazani, mji wenye misikiti minane na visima vitamu na watu wasioweza kumaliza mlo bila kipande cha halua. Na katika mji huo walikuwako wapishi wawili wa halua ambao mfano wao haujaonekana tena, Shaweji bin Mwinyikai wa mtaa wa juu na Zamzamu binti Haruni wa mtaa wa chini. Watu wa juu waliapa kuwa halua ya Zamzamu ni gundi, na watu wa chini waliapa kuwa ya Shaweji ni udongo, na wote walikuwa waongo wakubwa, maana kila upande ulikuwa ukituma watu kwa siri kununua kule kule unakotukana. Ugomvi ukakua, zikarushwa ndara, zikaingia bakora, hata siku moja Waziri mwenyewe akarejea barazani kilemba kimemfumuka.

Sultani akaghadhibika, akasema mbele ya kadamnasi: "Enyi watu wa Tarazani, nimewastahimilia vya kutosha. Siku ya arubaini kuanzia leo binti yangu ataolewa, na siku hiyo wapishi hawa wawili watapika katika uwanja wa kasri yangu, kila mmoja na sufuria yake. Kisha tutafuata ada ya wazee wetu: kila mpishi ataonja ya mwenziwe, na atakula yamini mbele ya Kadhi, aseme ipi iliyo bora, kwa kuwa mlaji husifia mtaa wake, lakini ulimi wa mpishi unajua. Atakayeshindwa atazima jiko lake, na hatapika tena halua hapa maisha yake. Na wakijisifu wote wawili, nitayazima majiko yote mawili. Lazima Tarazani ibaki na jiko moja tu."

Shaweji alirudi nyumbani hajui amepita njia gani. Alikuwa na wivu, na hapana haja ya kumfichia, wivu wa kumkosesha usingizi na kumfanya atafune shavu lake kwa ndani. Miaka kumi na miwili alikuwa amekoroga halua katika jiko la marehemu Mzee Haruni, baba yake Zamzamu, akaungua mikono mpaka viwikoni, na Mzee alipokufa, mwiko wake mkubwa wa mpingo, ambao kila mtu aliuona kuwa ndio ufalme wenyewe, alimwachia binti yake. Shaweji alipewa radhi. "Radhi!" alikuwa akijisemea peke yake. "Radhi inakorogea nini?" Na kila asubuhi alikuwa akiagiza kisahani cha halua ya Zamzamu, akajifungia mlango, akaonja huku akiomba aikute imeungua, nayo haikuungua hata siku moja.

Basi akaazimia kuchimba jiko lake liwe refu zaidi, moto upate nguvu, na alipochimba kiasi cha dhiraa mbili jembe likagonga kijaluba cha shaba, mfano wa vile wanawake wanavyotilia tambuu. Akakifungua. Moshi ukatoka, na ndani ya moshi akatoka jini mkubwa, kichwa kinagusa dari, anapiga miayo.

"Labeka, bwana wangu," akasema yule jini. "Jina langu Kashkashi. Tafadhali usinitajie dhahabu wala kasri, kwani majini wanaotoa ni ukoo mwingine. Sisi ni waondoaji. Niambie nikuondolee nini, nirudi zangu kulala."

Shaweji hakufikiri hata kidogo. "Muondolee Zamzamu mkono wake wa kupikia!"

"Sina ruhusa ya kumgusa mtu ila yule aliyefungua kijaluba. Una kibiongo? Una chongo?"

Mama yake Shaweji, Bi Arafa, alikuwa uani anachambua mchele, na masikio yake hayakuzeeka. Akapaza sauti: "Mwambie akuondolee hiyo tamaa, mwanangu! Huli, hulali, watu wanaoa na kuzaa, wewe umekaa kunusa moshi wa jirani!"

Shaweji akaona mama amesema kweli, kwani siku hizo kila anaposhika mwiko alikuwa akiupigiza sufuriani kwa hasira. Akajisemea kuwa akitulia atapika vizuri zaidi, naye atamshinda Zamzamu. Akasema, "Haya, iondoe." Jini akapenyeza vidole viwili kifuani mwake, akavuta kitu chekundu kinachochoma, kisichozidi kokwa ya tende, akakitia kijalubani na kukifunga.

Subhana Llah, Shaweji alilala siku hiyo mpaka jua likapanda. Akaamka anatabasamu, akaagiza maandazi, akala yote. Akaweka sufuria jikoni, akatia maji ya wanga na sukari, akakoroga kwa starehe, na mchanganyiko ulipoanza kuwa mzito akasema, "Alhamdulillahi, inatosha," akaepua, akaenda barazani kucheza bao. Wateja walipolalamika kuwa halua inanata menoni, aliwaambia kwa upole, "Mtaizoea." Na watu wa mtaa wa juu wakaanza kushuka chini mchana kweupe, hawajifichi tena, naye akiwapungia mkono. Hata mama yake alipoonja siku ya saba, alikiweka kisahani chini akaenda kusukutua kinywa.

Huku nyuma jini Kashkashi, ambaye kwa miaka elfu hakuwahi kutaka kitu ila usingizi, alishikwa na udadisi. Akafungua kijaluba kidogo, akakilamba kile kitu chekundu, kisha akakimeza kabisa. Usingizi ukamruka. Akajigeuza mtu mwenye ndevu nyeusi, akashika mwiko wa Shaweji, akapika halua ikaungua, akamwaga, akapika tena ikawa maji, akamwaga, akaenda kwa Zamzamu kununua, akarudi anauma midomo na kuuliza, "Mwanamke yule ana nini nisicho nacho mimi?" Na halua yake, siku baada ya siku, ikazidi kung'aa.

Zilipobaki siku kumi, Zamzamu alikuja mwenyewe kwa mguu wake, buibui limemkaa upande kwa haraka, na mkononi kisahani cha halua ya Shaweji. Akamkuta barazani.

"Bwana Shaweji, umepika wewe kitu hiki?"

"Nimepika mimi. Karibu bao."

"Karibu bao!" Zamzamu akatua kisahani chini kwa kishindo. "Miaka yote hii kila asubuhi namtuma mtu kwako, naonja huku naomba nikute umekosea. Unajua alivyoniambia baba siku ya mwisho? Aliniambia, mwanangu, nakuachia mwiko, kwa sababu Shaweji hauhitaji. Hauhitaji! Nimekesha juu ya neno lile. Nimekoroga mpaka mabega yamevimba ili nikushinde wewe, nawe leo unaniletea gundi ya karatasi? Nitakushindia nini? Nitashindana na nani?"

Machozi yakamtoka, ya hasira, akaondoka bila kuaga. Shaweji akabaki anatazama kisahani. Maneno yale yalipaswa kumchoma, na hayakumchoma, na hapo ndipo alipoingiwa na shaka. Akakichukua, akaenda jikoni, akamwona jini amejaa jasho, macho mekundu, anakoroga, na halua ndani ya sufuria inazunguka pamoja na mwiko, samli inachuruzika pembeni. Akakumbuka kwa akili tu, kama mtu anayekumbuka habari ya mwingine, kuwa zamani ilikuwako saa kila siku ambapo halua ilionekana imeiva, mkono unauma, na kitu ndani yake kilikuwa kikimwambia bado.

"Kashkashi," akasema, "nirudishie kitu changu."

"Chukua, chukua, bwana wangu! Siku ya ishirini na tatu hii sijafumba jicho."

"Lakini nipe tamaa peke yake. Wivu ubaki kwako."

Jini akacheka kicheko cha kuchoka. "Nimejaribu kuvitenga kwa makucha yangu, havitengeki. Utachukua vyote, na miiba yake, au utaniachia vyote."

Shaweji akamtazama mama yake aliyesimama mlangoni, na Bi Arafa, aliyekuwa wa kwanza kushauri iondolewe, akatazama kile kisahani cha halua mbaya mkononi mwa mwanawe na kusema, "Chukua, mwanangu. Nilidhani nakuponya."

Ikarudi kifuani mwake, na akapiga ukelele. Wivu ule ule, na juu yake fedheha ya siku zote zile. Hakwenda barazani tena. Alipika na kumwaga, akapika na kumwaga, na kila akionja alikuwa akijiona mjinga na kuanza upya.

Siku ya arubaini ikafika, uwanja wa kasri ukajaa, na sufuria mbili za shaba zikatelekwa ubavu kwa ubavu. Tangu alfajiri mpaka alasiri walikoroga, kila mmoja akimwibia mwenziwe jicho. Shaweji akatia iliki aliyoikaanga na maganda yake, na watu waliokaa mbali wakainua pua. Zamzamu hakuepua pale samli ilipotoka pembeni kama ilivyo desturi. Aliendelea kukoroga mpaka samli ikanywewa tena, kisha ikatoka mara ya pili. Shaweji aliona, na moyo ukampasuka.

Kadhi akamwita wa kwanza Zamzamu. Akaonja ya Shaweji, akafumba macho, akaonja mara ya pili. Kisha akaweka mkono juu ya msahafu. "Wallahi, yake inaishinda yangu kwa harufu, nayo ndiyo bora. Na Mungu anajua ninavyomchukia kwa hilo."

Watu wa juu wakapiga vigelegele. Sasa Shaweji alikuwa na haja ya neno moja tu, aseme yangu ndiyo bora, na jiko la Zamzamu lingezimwa na jina lake lingefutika. Akaonja. Halua ile ilikuwa laini, haikunata wala haikukatika, ikashuka kooni polepole, na wivu ukampanda mpaka masikio yakavuma. Akautazama ule mwiko wa mpingo. Akatamani kushinda kuliko alivyowahi kutamani kitu. Lakini ndani ya tamaa hiyo palikuwa na nyingine kubwa zaidi, inayomwuma zaidi: alitaka kujua amefanyaje, na mwanamke huyu akizimiwa jiko leo, hatajua mpaka anaingia kaburini.

"Wallahi," akasema, "yake inaishinda yangu kwa ulaini, nayo ndiyo bora. Nizimieni jiko, Maulana, lakini naomba niwe mchanja kuni wake, maana nataka kujua ile samli ya pili."

Kadhi akapekua kitabu, akafunga, akasema ada haikuwahi kutazamia jambo hili. Sultani akacheka mpaka taji likaegemea sikio. "Nilisema libaki jiko moja," akasema. "Sikusema lisimamiwe na wangapi. Zamzamu binti Haruni, wasemaje?"

Zamzamu akamtazama Shaweji juu mpaka chini. "Akaange iliki yake mbele yangu, nione. Na mwiko ni wangu."

Sultani akaona mwanamume na mwanamke hawawezi kukaa jiko moja bila ndoa, nao wote wawili wakaridhia, wakafungishwa siku ile ile aliyoolewa binti yake, wakajengewa jiko kubwa kando ya kasri, na neema ikawamiminikia. Lakini msidhani walitulia. Miaka thelathini waliishi humo, kila mmoja na sufuria yake juu ya moto mmoja, na kila jioni kila mmoja alikuwa akichovya kidole kwa mwenziwe, akaonja, akanuna, na kesho yake akapika vizuri zaidi. Kashkashi naye alibakiwa na chembe ya kile alichomeza, kwa hiyo kila Ijumaa alitoka kijalubani kuonja na kutoa kasoro. Na anayesema tamaa ni haramu tupu, na aonje halua ya aliyeridhika. Na anayesema tamaa ni heri tupu, na ajiulize Shaweji angekuwa wapi kama ulimi wake ungesema uongo siku ile. Bi Arafa, alipoulizwa uzeeni kama mwanawe amepona, alijibu: "Hajapona. Lakini sasa anakula."