Kiti cha Mwanakheri

"Anza na kona, uwanda utajilaza." Mmeisikia leo, wanangu, Mbaruku alipowaambia rangi ya ukuta ianzie nyuma ya mlango, nanyi mkaniuliza imetoka wapi. Ilizaliwa humu humu karakanani, nami nilikuwapo.

Mwanakheri hakuwa na nguvu za miguu, lakini kwa mikono yake alisukuma kiti cha magurudumu cha mbio kwa kasi kuliko mtu yeyote Muheza. Kiti chenyewe kilikuwa cha chuma, kizito. Fundi Shekimweri na shemeji yake Mbaruku wakaahidi kumtengenezea kingine kwa kitambaa cha nyuzi za kaboni, kile cheusi ambacho kikilowa gundi na kukauka huwa kigumu na bado chepesi. Mashindano ya mkoa yalikuwa Jumapili.

Walitandaza kitambaa ndani ya kalibu yenye umbo la kiti. Wakaanzia mgongoni, mahali papana panapoonekana na watu, wakapalainisha vizuri. Ndipo wakakivuta kuelekea kwenye pembe kali, pale mgongo unapokutana na sehemu ya kukalia. Kitambaa kikakazika kama ngozi ya ngoma, kikapita juu ya kona bila kuigusa. Gundi ilipokauka kiti kilipendeza kweli. Mwanakheri akakikalia, akaegemea, na kona ikapasuka.

"Shemeji, ulivuta mno," alisema Mbaruku.

"Na wewe ulivyong'ang'ania upande wako, kama mbuzi anayerudishwa zizini?"

"Nilishika nilichoachiwa."

Kitambaa kilichobaki kilitosha kiti kimoja tu. Mwanakheri aliwasikiliza, kisha akauliza, "Mafundi, kwenye shughuli mimi ndiye mgawaji wa pilau. Mnajua sinia la kwanza linakwenda wapi?"

"Kwa wakwe," alijibu Mbaruku haraka.

"Tumbo lako hilo. Linakwenda konani, kwa waliobanana. Ukianzia mlangoni, wa mlangoni watavuta masinia, na kona italala njaa."

Shekimweri aliitazama kalibu. Akajaza pembe ile kali kwa gundi nzito kidogo, ikawa na mviringo. Akakata kitambaa mshazari ili kipinde bila kushurutishwa. Safari hii vidole vyake vilianzia konani, vikakisukuma mpaka kikakaa barabara, ndipo akakipandisha mgongoni taratibu. Mbaruku alinyoosha mkono ili avute.

"Acha, shemeji. Tazama."

Kitambaa kilijilaza chenyewe.

Jumapili Mwanakheri alishika nafasi ya pili. Watu walikizunguka kiti, wakipapasa mgongo wake unaong'aa. Mbaruku akainama, akagonga kona kwa sarafu. Haikulia kama debe tupu. Ilijaa.

"Wao na wausifu mgongo," alisema Mwanakheri, akijifuta jasho. "Mimi nimekalia kona."

Basi, wanangu, chukueni brashi zenu mrudi nyuma ya mlango. Anza na kona, uwanda utajilaza.