Kanze na Mshubiri wa Zimwi

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa mmea.

— Ukanywa nini?

Haukutaka kunywa kitu, na balaa lenyewe ndilo hilo. Haya, sogeeni. Ninyi wa mlangoni, fungeni huo mlango, hadithi hii ina meno.

Hapo kale, bondeni kwenye miwa na magimbi, aliishi mjane mmoja, jina lake Kanze, na binti yake Mbeyu, mtoto wa miaka miwili tu. Siku moja, masika yanaishia, Kanze akaenda kuchota maji kwenye kisima cha porini. Hakujua kisima kina mwenyewe. Kumbe kina! Likatokea zimwi, nywele mpaka magotini, likamdaka mkono.

"Umeniibia maji!"

"Nisamehe, baba. Sikujua."

"Nikusamehe? Chukua mshubiri wangu huu ukanilelee. Nitaufuata masika yajayo. Nikiukuta mzima, tumemalizana. Nikiukuta umekufa, namchukua mtoto."

Kanze akaupokea, akaenda nao nyumbani. Mmea wenyewe hajapata kuuona: majani manene, miiba pembeni. Kwao bondeni kila kinachoota kinakunywa. Gimbi linakunywa, muwa unakunywa, mchicha unakunywa. Basi na huu akaunywesha. Asubuhi kata moja, mchana kata moja, jioni kata moja. Mnamcheka? Ungekuwa wewe, na mwanao ndiye rehani, ungethubutu kuuacha na kiu?

Kipupwe kikaingia. Zimwi likachungulia uani.

"Kanze we! Unaumwagilia?"

"Naumwagilia, baba."

"Mbona majani yamelegea? Ongeza!"

Kanze akaongeza.

Vuli ikaingia. Mvua inanyesha, na Kanze anamwagilia. Zimwi likachungulia tena.

"Mbeyu ananenepa," likasema. "Ongeza maji!"

Kanze akaongeza, usingizi umempaa.

Kiangazi kikaingia. Safari hii zimwi halikuuliza habari za mmea hata kidogo. Lilimtazama Mbeyu, likameza mate, likaenda zake linacheka.

Kicheko kile ndicho kilichomzindua Kanze. Mmea wake unakufa, linacheka nini? Akashika jani. Likang'oka lenyewe, teketeke, linanuka. Akaung'oa mmea wote. Lo! Mizizi yote imeoza.

"Maskini mimi, nimemuua mwanangu kwa kata ya maji!"

Alilia mpaka sauti ikakauka. Halafu akakumbuka vipando vya nanasi, wanavyovianika kwanza kabla ya kuvipanda, ili kidonda cha kisu kikauke. Akatwaa kisu, akakata uozo wote mpaka kwenye shina zima, akauweka mshubiri kivulini. Siku ya kwanza mkono ukamwasha kuchota maji, akajizuia. Siku ya pili akachota, akayamwaga nje. Siku ya tatu akaivunja ile kata kwa jiwe. Siku ya saba kidonda kikawa kikavu, akaupanda kwenye mchanga na kokoto, akauacha. Jamani, kuuacha! Kanze hajawahi kufanya kazi iliyomtisha kama ile ya kutofanya kitu. Kila alfajiri aliuendea mikono mitupu, na siku zinayoyoma. Mawingu ya masika yalipokusanyika, jani jipya likachomoza. Dogo, lakini limesimama.

Zimwi likaja na gunia. Likauona mshubiri mzima, likanuna. Kisha likacheka tena.

"Mmea mzima, mtoto mnono. Nachukua vyote."

"Lakini tulipatana!"

"Ulipatana na nani? Na zimwi?"

Kanze akamkumbatia Mbeyu kwa mkono mmoja na mshubiri kwa mkono mwingine. Jani likavunjika, utomvu wa manjano ukamchuruzika kidoleni. Mbeyu akakiramba kidole cha mama. Akakunja uso, akatema, akageukia pembeni. Kanze akautazama uso ule. Anaujua! Ndio uso wa siku ile alipojipaka mwarobaini kwenye ziwa, kumwachisha Mbeyu kunyonya.

"Haya, baba," akasema. "Mchukue. Ila niache nimwogeshe kwanza, ana vumbi."

"Upesi!"

Akaingia ndani na mtoto na mshubiri, akavunja majani, akampaka mtoto kichwani, akampaka mikononi, akampaka miguuni. Mbeyu analia, mama naye analia.

Alipomtoa nje, zimwi likaramba kichwa. Thu! Likaramba mkono. Thu! Likaramba mguu. Thuuu! Machozi yakalitoka, ulimi nje.

"Huyu mtoto ana nini?"

"Ndivyo alivyo," Kanze akajibu. "Watoto wote wa bonde hili ndivyo walivyo. Kawaonje."

Nani aonje? Zimwi lilitupa gunia, likatimua mbio hadi kisimani, likanywa na kunywa, na uchungu uko palepale. Tangu siku hiyo, likisikia tu mtoto analia, linakunja uso, linatema mate, linageukia pembeni. Kanze alikuwa ameliachisha.

Hapo ndipo ulimi wangu umechoka. Hadithi ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, niachieni niimeze mwenyewe.