Somo la Viganja Viwili

Hapo zamani za kale, tegeni masikio na asikohoe mtu, Bi Pimbi aliishi katika ufa wa jabali. Mwili wake ulikuwa mdogo, lakini sauti yake, wanangu, ilivuka mabonde mawili. Basi kila mnyama aliyetumwa kupeleka posa alipita kwake kwanza, afundishwe kusema na kusimama mbele ya wakwe.

Asubuhi moja alitoka kutafuta majani. Kurudi, akamkuta Chui mlangoni, na chini ya kiganja chake yumo Kidawa, kitinda mimba wa Bi Pimbi.

Bi Pimbi akapiga hesabu. Akilia, mtoto ataliwa. Akameza machozi, akasema, "Bwana Chui, nasikia kesho unapeleka kwa Simba posa ya mpwa wako."

"Ndiyo. Leo nastaftahi."

"Na utasema kwa sauti hiyo ya puani? Watakucheka mpaka watoto wa nyumba ile."

Chui alikuwa mpenda sifa hasa. Masikio yakamsimama. "Nina kasoro gani?"

"Nyanyuka nikuone. Vuta pumzi, ijaze tumbo, si kifua. Haya, mikono. Mshenga hufumbua viganja vyote viwili, wakwe waone hajaficha kitu. Kimoja ni matusi."

Chui akamtazama Kidawa, akamtazama mwalimu. "Unanifanya mjinga, wewe?"

Akamwinamia mtoto, akambana kwa meno, kisha akasimama na kufumbua viganja vyote viwili.

Bi Pimbi hakuacha kufundisha. "Hapo sawa. Kiuno kinyooke. Mashallah, umbo unalo. Sasa piga hodi."

"Mmm-mmh."

"Nani? Sikusikia."

"Mmm-mmmh!"

Bi Pimbi akaguna. "Basi tena. Juzi alikuja Fisi, hodi moja tu, jabali likatetemeka. Heri posa aipeleke yeye."

"FISI?" Chui akanguruma. "Yule mla mizoga?"

Mtoto puu, chini! Akachomoka vup, ndani ya ufa, na mama nyuma yake. Chui akabaki amesimama, viganja viwili wazi, vitupu.

Mle ndani Kidawa alikuwa mzima, amelowa mate tu. Mama alimkumbatia, ndipo akalia. Kisha akapaza sauti:

"Sauti ndiyo hiyo, Bwana Chui. Kesho usiipunguze."

Nanyi mlio hapa shikeni hili: apendaye sifa kuliko chakula, hulala na njaa.