Ngiri Alivyochagua Pa Kulala

Paukwa!
— Pakawa!
Hema je?
— Lilisimama!
Na mwenye hema?
— Akalala nje!

Basi sogeeni. Hapo kale watalii waliondoka nyikani wakasahau mahema mawili. Yakaokotwa na Pimbi, mnyama mdogo asiye na mkia, na Ngiri, mwenye meno yaliyotoka nje na njaa isiyokwisha. Wakasema nao wakalale porini kistaarabu, chini ya kitambaa. Hakuna kati yao aliyewahi kulala hivyo.

"Nani mkubwa hapa?" akauliza Ngiri.

"Wewe, mjomba."

"Nani huchagua kwanza?"

"Wewe, mjomba."

Ngiri akachagua hema jipya. Pimbi akabaki na lenye tundu. Wakaenda, tapu tapu tapu, Ngiri mbele mkia juu, Pimbi nyuma na kikapu cha viazi vitamu kichwani. Wakafika penye korongo kavu. Ukingoni palikuwa na mwinuko wa mawe. Chini palikuwa na mchanga mtupu.

"Nani mkubwa hapa?"

"Wewe, mjomba."

"Nani huchagua kwanza?"

"Wewe, mjomba."

"Mimi nalala juu. Wewe shuka korongoni."

Pimbi akatazama chini. Akaona majani makavu yamenasa kwenye matawi ya migunga, juu kupita kichwa cha Ngiri. Majani makavu hayapandi mti yenyewe. Akatazama milimani kwa mbali, akaona wingu jeusi limekaa. Na Pimbi hajui kuogelea. Moyo ukampiga, du du du. Akilala pale, kesho hayupo.

"Asante, mjomba! Asante sana!" Akaanza kushuka mbio.

"We! Unashukuru nini?"

"Mchanga, mjomba! Godoro la bibi harusi! Huko juu mawe yangenitoboa mbavu."

Ngiri akakanyaga mawe, kwacha kwacha. Akautazama mchanga. Mate yakamjaa, ingawa mchanga hauliwi.

"Na yale majani juu ya miti?"

"Viota, mjomba. Hata ndege wamepapenda."

"Rudi juu! Nani mkubwa hapa?"

"Wewe, mjomba," akalia Pimbi, hu hu hu.

"Nani huchagua kwanza?"

"Wewe, mjomba. Lakini kwenye mawe sitapata usingizi. Niachie basi kikapu kinifariji."

"Chukua. Asubuhi nitakuja kukimaliza."

Ngiri akapigilia vigingi mchangani. Vikaingia vyu, vyu, bila taabu, naye akajisifu kwa nguvu zake. Kisha akaingia hemani kinyumenyume, kama ukoo wa ngiri uingiavyo shimoni, ili meno yabaki mlangoni. Adui akija akutane na meno.

Pimbi huko juu alipigilia vigingi katikati ya mawe, ko ko ko, mpaka mikono ikamuuma. Akachimba mfereji kulizunguka hema. Akaziba tundu kwa nta. Akatundika kikapu mtini, siafu wasikifikie. Akalala.

Alfajiri adui akaja. Hakuja mlangoni. Alitokea nyuma, milimani kulikonyesha, gubu gubu gubu! Vigingi vikang'oka, pwa! pwa! pwa! Ngiri akatoka mbio, mkia juu kama kawaida yake, na mkia ukalinyanyua hema kama bendera, hadi maji yakampokonya. Akaparamia ukingo, tope mpaka masikioni. Aliogopa kweli kweli, tusimcheke.

Haya, chekeni kidogo.

Akamkuta Pimbi anamenya kiazi cha mwisho.

"Shikamoo, mjomba. Umeamkaje?"

Ngiri akauliza, "Hema langu liko wapi?"

Pimbi akanyoosha kidole ng'ambo ya maji. Juu ya mgunga, katikati ya majani makavu, hema jipya lilikuwa linaning'inia, linachuruzika maji.

"Lile pale, mjomba. Ndege wamelipenda."

Vigingi nimeng'oa, hema nimekunja, ngano yangu imelala, nanyi kalaleni. Na funzo lake, watoto, ni adabu: popote muendapo, mwacheni mkubwa achague kwanza.